Anna, Nora au Ramatoulaye: tuanze na nani?

Kikao chetu cha kusoma hukaa Alhamisi baada ya alasiri, ukumbini kwa shoga yangu mmoja, Langoni, hapa mjini Lamu. Tuko wanawake tisa, pamoja na mume wa mwenye nyumba ambaye hujifanya anatengeneza redio pale ngazini huku masikio yote mawili yako kwetu. Mwezi uliopita tuliafikiana jambo moja tu: tunataka hadithi ya mtu aliyebanwa baina ya furaha yake na wajibu wa ndoa. Baada ya hapo hatukuafikiana tena. Mmoja alitaka Anna Karenina ya Leo Tolstoy. Wa pili alitaka A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen juu ya mke aitwaye Nora, akatoa sababu moja iliyo wazi: ni fupi. Wa tatu alikuja na riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, ile ambayo kwa Kiswahili inaitwa Barua Ndefu Kama Hii na msimulizi wake ni Ramatoulaye, akaiweka kando ya sinia la kaimati, akanyamaza. Huyo ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi.

Kwa kuwa zote tatu nimezisoma, nikapewa kazi ya kuzilinganisha. Nauweka ulinganisho hapa kwa sababu najua si sisi peke yetu tuliokwama. Nitaeleza hadi miisho. Asiyetaka kuijua, basi aishie hapa, ingawa mwisho wa Anna watu wengi huujua kabla ya kukifungua kitabu, na bado wanakisoma.

Nitakavyozipima

Kipimo cha kwanza ni mlango. Pale hadithi inapotokea, sheria na dini zinampa aliye ndani ya ndoa njia gani ya kutoka, na ufunguo uko mkononi mwa nani? Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa, na wala sikukibuni mwenyewe. Siku moja nilikuwa nikimsimulia habari za Anna jirani yangu, mama mtu mzima, huku tukichagua mchele. Nilipofika pale Karenin anapokataa kumpa mkewe talaka, akaniuliza, "Kwani huko kwao hakuna kadhi?" Nikacheka. Usiku wake, kitandani, sikucheka tena. Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani kuhusu kitabu kile.

Kwetu mume hutoa talaka. Mke naye anaweza kutaka khului, akarejesha mahari. Mambo yakizidi, kama mume hatoi matumizi au ametokomea hajulikani aliko, kadhi anaweza kuifasikhi ndoa, yaani kuivunja. Mahakama ya kadhi imo ndani ya Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170. Sisemi njia hiyo ni nyepesi. Mahari huwa yashaliwa zamani, wazee wa pande mbili huitana, na mwanamke huambiwa asubiri mpaka subira yenyewe ichoke. Lakini mlango upo na kila mtu anaujua ulipo. Mwandishi akiuziba, hadithi huteremka kwenye msiba karibu yenyewe. Akiuacha wazi, swali hugeuka: kutoka waweza, je, utatoka? Na ukibaki, umebaki kwa ajili ya nani?

Cha pili ni gharama. Furaha ya mmoja hulipwa na mtu, na wajibu nao hulipwa na mtu. Katika kila hadithi nitauliza nani ameachiwa deni.

Cha tatu ni mume. Ameandikwa kama mtu, au kama zimwi? Mume akiwa zimwi hapana mgogoro wowote wa maadili. Msomaji hukaa akingojea mwanamke akimbie, basi. Uzito huja pale ambapo yule anayeachwa naye anastahili kuonewa huruma.

Cha nne ni cha kawaida kabisa: urefu, ugumu, na mazungumzo yatakuwaje kitabu kikifungwa.

Najua kuna atakayeuliza mbona Mwana Kupona hayumo, naye ni wetu, aliyemuoa ni mtawala wa Siyu, na utendi wake wa 1858 kila nyumba ya hapa inaujua. Hayumo kwa sababu utendi ule ni wosia, mama mgonjwa anamuusia bintiye, hausimulii kisa cha mtu anayechagua. Lakini mtake msitake, atakuwamo chumbani. Sisi tumelelewa juu ya zile radhi tano: Mungu, Mtume, baba, mama, "na ya tano nda mumewe, mno imekaririwa." Msomaji wa Lamu anapomfungua Anna au Nora, tayari ana sauti hiyo sikioni. Sioni kuwa ni kasoro. Msomaji anayeamini kweli kuwa ndoa ni amana huumia zaidi na vitabu hivi kuliko yule aliyekwisha kuamua kuwa ndoa ni gereza.

Anna Karenina

Riwaya hii ilitoka kwa mafungu katika jarida moja la Urusi kati ya 1875 na 1877, ikawa kitabu 1878. Anna ameolewa na Karenin, afisa mkubwa wa serikali kule Petersburg, mtu aliyemzidi umri kwa mbali. Shangazi yake ndiye aliyeipanga ndoa ile. Wana mtoto wa kiume, Seryozha. Kisha anakutana na Vronsky, afisa wa jeshi.

Mlango: upo wa jina tu. Kanisa la Kiorthodoksi ndilo lililoshika mambo ya talaka, na ilitakiwa zinaa ithibitishwe. Aliyepatikana na hatia haruhusiwi kuolewa tena. Kwa hiyo ili Anna aachike na aolewe na Vronsky, ingebidi Karenin, ambaye hakukosa, ajitwike yeye dhambi ya zinaa na kuishuhudia mbele ya watu. Hebu tulia hapo kidogo. Sheria imemwekea mume aliyekosewa machaguo mawili: amwaibishe mkewe, au ajiaibishe yeye kwa uongo. Kuna wakati Karenin yuko tayari hata kwa hilo. Anna ndiye anayeshindwa kuupokea ukarimu ule, anaondoka na Vronsky kwenda Italia bila talaka. Baadaye anapoitaka, Karenin kashaangukia mikononi mwa bibi mmoja mcha Mungu wa kujionyesha, na jibu la kukataa linatokana na Mfaransa anayebwabwaja akiwa usingizini. Nilipowasomea wenzangu sehemu hiyo hakuna aliyeshangaa. Mambo ya ndoa kuamuliwa na mganga tunayafahamu.

Gharama: hapa Tolstoy hana huruma. Seryozha anaambiwa mama yake amekufa. Siku ya kuzaliwa kwake Anna anaingia kwa siri katika nyumba iliyokuwa yake, anamkumbatia mtoto kitandani, kisha inambidi atoke mbio kwa sababu Karenin anakuja. Akifika hotelini anakuta vitu vya kuchezea alivyomnunulia bado vimo kwenye furushi, havikufunguliwa. Nimesahau sehemu nyingi za kitabu kile, furushi lile sijalisahau. Tena kuna binti aliyezaa na Vronsky: kisheria yule ni mtoto wa Karenin na anabeba jina lake, na Vronsky analia na hilo. Kwetu pia mtoto ni wa firashi, yaani wa mume mwenye ndoa, kwa hiyo hapo hapakuhitaji maelezo. Vronsky mwenyewe majumba ya watu yanampokea kama kawaida. Anna ndiye anayetukanwa hadharani kwenye opera. Dhambi moja, watu wawili, deni kaandikiwa mmoja.

Mume: Karenin ni mkavu, anavunja vidole vikalia, na Anna akirudi safari anamwona kituoni anashangaa kwa nini masikio yake yamekuwa makubwa vile. (Kila mwanamke aliyeolewa muda mrefu ameshawahi kuyaona masikio hayo.) Lakini Anna anapokuwa mahututi kwa uzazi, ni yeye anayesamehe, anayekaa, anayehakikisha yule mtoto mchanga asiye wake ananyonya. Ukifika hapo hujui tena uwe upande wa nani, na Tolstoy hakusaidii.

Sasa nisikilizeni kuhusu Dolly, maana wengi humpita. Dolly ni mke wa kaka yake Anna. Kitabu kinaanza nyumbani kwake: amegundua mumewe ana uhusiano na mwalimu wa kike wa zamani wa watoto, na ni Anna huyohuyo anayesafiri hadi Moscow kumsihi Dolly asiivunje nyumba. Dolly anabaki. Ana watoto watano walio hai na wawili aliowazika, mume hajaacha mambo yake, na pesa hazitoshi. Katika sehemu ya sita anapanda gari la farasi kwenda kumtembelea Anna huko shambani kwa Vronsky, na njia nzima anawaza kuwa pengine Anna ndiye aliyefanya vyema, kwamba na yeye angeliweza kupendwa. Anafika. Anaona fahari, nguo, hospitali mpya inayojengwa, na anamwona Anna anayefinya macho kidogo kila linapotajwa jambo zito, kana kwamba hataki kuliona. Siku moja tu imetosha. Anarudi kwake na kanzu zake zilizotiwa viraka, na anarudi akiwa na furaha. Tolstoy hasemi kuwa Dolly ndiye mshindi, kwani maisha yake ni ya dhiki hadi mwisho. Lakini kama unataka kuona wajibu ukiandikwa kutoka ndani, na mwanamke ambaye si mjinga wala si mtakatifu, soma sura hizo hata kama kitabu chote kitakushinda.

Kukisoma: sehemu nane, kurasa mia nane na zaidi katika matoleo mengi, na kila mtu ana majina matatu. Kuna sura ndefu za Levin, mwenye mashamba, na kilimo chake. Mara ya kwanza niliziruka. Mara ya pili nikaona kumbe ndoa ya Levin na Kitty, mdogo wake Dolly, ni upande wa pili wa mizani, nikajuta.

Kinamfaa mwenye subira, na anayetaka kuona kila mtu akipewa haki ya kusikilizwa. Kinamchosha anayetaka jibu. Na neno la tahadhari: Anna anajitupa chini ya treni, na kurasa zinazotangulia zinaingia ndani ya kichwa chake kwa ukaribu wa kutisha. Mtu aliye katika kiza hivi sasa asipewe kitabu hiki peke yake.

A Doll's House

Jina lake ni kama kusema Nyumba ya Mwanasesere. Ilichezwa mara ya kwanza Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879. Nora, mke wa miaka minane na mama wa watoto watatu, aliwahi kukopa kwa siri ili ampeleke mumewe Italia akatibiwe. Kwenye hati ya mkopo alighushi sahihi ya baba yake kama mdhamini, na akaiandikia tarehe ya siku chache baada ya baba kufariki. Mume anapandishwa kuwa meneja wa benki, na yule mdai anaanza kumtisha.

Mlango: huu ndio mlango mashuhuri kuliko yote katika hadithi za ndoa, kwani tamthilia inaishia kwa mlio wake ukifungwa. Lakini ule wa mwanzo ni wa pesa. Mke hakuweza kukopa bila idhini ya mume, na rafiki yake anamkumbusha hivyo waziwazi. Nora alitenda kosa la sheria kwa kutimiza wajibu wa ndoa: kuokoa uhai wa mumewe. Hapo ndipo Ibsen alipokuwa fundi. Ameuchukua wajibu na mapenzi, akavifanya kitu kimoja, kisha akaviacha viadhibiwe. Kutoka kwenyewe hakumgharimu Nora kesi yoyote: anarudisha pete, anamwambia mume kuwa kwa sheria hana deni tena juu yake, anaondoka na vitu vyake tu.

Tulijaribu kusoma onyesho la mwisho kwa sauti. Aliyekuwa Nora akainuka akaenda kuubamiza mlango wa daka, ile baraza ya mbele. Sasa, mlango wa Lamu wa mbawa mbili na nakshi zake hauendi kwa hasira ya mtu. Uligugumia kidogo tu ukasimama nusu. Tukacheka mpaka mwenye redio akashuka kuuliza kuna nini.

Gharama: watoto watatu wamelala chumbani, na Nora hawaagi. Anawaachia yaya aliyemlea yeye mwenyewe. Watu wengi hubishana juu ya Nora na hawamtazami yaya yule. Katika tendo la pili inatajwa kwa maneno machache kuwa alimtoa mtoto wake mwenyewe kwa watu wengine ili apate kazi ya kumlea Nora. Kwa hiyo Nora si mama wa kwanza katika nyumba ile kumwacha mtoto. Tofauti ni kwamba wa kwanza alifanya hivyo kwa njaa, na hakuna aliyeandika tamthilia juu yake.

Mwisho ule uliwaudhi watu mno. Ujerumani, 1880, mwigizaji aliyepewa nafasi ya Nora alikataa kuucheza, akidai yeye asingewaacha wanawe. Ibsen, kwa kuhofia mtu mwingine asije akauharibu zaidi, akaandika mwenyewe mwisho wa pili ambamo Nora anasukumwa hadi mlangoni pa watoto, anaanguka, anabaki. Akauita ukatili dhidi ya kazi yake. Na kuna hili, ambalo ni la maisha na si la jukwaa: mwanamke aliyempa Ibsen wazo, mwandishi Laura Kieler, alikopa kweli ili mumewe mgonjwa atibiwe. Yalipofichuka mume alimweka hospitali ya wagonjwa wa akili na kudai talaka. Baadaye alirudi kwa mume yuleyule. Napenda kuisimulia habari hii baada ya kusoma, si kabla.

Mume: Torvald anamwita mkewe majina ya ndege na kindi, na siri inapofichuka anafikiria heshima yake tu. Barua ya pili ya yule mdai inapokuja na hati ya deni, anapaza sauti kuwa ameokoka. Yeye ameokoka. Hapo mizani inaelemea upande mmoja, na hii ndiyo kasoro ninayoiona. Ni mtu anayechekesha kuliko anayehuzunisha, hivyo kumwacha hakumuumi msomaji. Mwenzangu mmoja ananipinga. Anasema Torvald ni wa kweli kupita Karenin, na kwamba mimi sijaishi naye.

Kuisoma: matendo matatu, siku tatu za Krismasi, sebule moja. Mnaigawa sauti, mnaimaliza kwa vikao viwili. Mazungumzo yake ni makali tangu dakika ya kwanza, na mara nyingi hugawanya chumba nusu kwa nusu.

Inakifaa kikundi kinachopenda kubishana, vijana, na wale ambao ugomvi wao wa ndoa unahusu pesa na siri kuliko mtu wa tatu. Hakuna hawara humu. Haiwafai sana wanaotaka kujua kesho yake Nora alilala wapi na alikula nini. Pazia lishashuka.

Barua Ndefu Kama Hii

Mariama Bâ aliichapisha Dakar 1979, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Noma, ya kwanza kabisa kutolewa. Yeye akafariki 1981. Ramatoulaye, mwalimu, amefiwa na mumewe Modou na yuko ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi inampa nafasi ya kumwandikia shoga yake Aissatou. Kitabu chote ni barua hiyo.

Kati ya vitatu, hiki ndicho pekee ambacho sikuhitaji kumweleza jirani yangu kitu. Eda anaijua. Wageni wanaokuja kutoa mkono wa pole na kuondoka na maneno anawajua. Mke mwenza anayeketi msibani jirani nawe anamjua.

Mlango: uko wazi, tena pande zote. Ndiyo maana nasema hiki kinatusemesha sisi kuliko vingine. Siku moja imamu, ndugu wa mume na rafiki wa mume wanabisha hodi kwa Ramatoulaye, wanakaa, wanazunguka mbuyu, kisha wanamwambia kuwa Modou leo ameoa mke wa pili. Ni Binetou, msichana aliyesoma na binti yake, aliyekuwa akija nyumbani kudurusu. Sheria haijavunjwa. Dini haijakataza. Hana wa kumshtaki. Binti yake mkubwa anamwambia aondoke. Yeye anabaki, na Modou anaondoka mwenyewe: harudi tena kwa mke wa kwanza wala hagawi zamu. Miaka mitano ameolewa bila mume.

Shoga yake Aissatou alifikwa na jambo hilohilo kabla yake. Mumewe, daktari, alioa binti aliyeletwa na mama mkwe, kwa sababu Aissatou ni mtoto wa sonara na mama mkwe ni wa ukoo wa kifalme. Aissatou aliandika barua fupi, akachukua wanawe wanne, akaondoka. Akasoma, akawa mkalimani, akapata kazi ubalozi wa Senegal kule Marekani. Kwa hiyo Bâ amefanya jambo ambalo Tolstoy na Ibsen hawakulifanya kwa uwazi namna hii: ameweka pigo moja kwa wanawake wawili wanaopendana, mmoja akatoka, mmoja akabaki, na hakuna anayemdharau mwenzake. Ramatoulaye anapohangaika na mabasi na watoto, ni Aissatou anayemnunulia gari.

Gharama: watoto kumi na wawili, na hesabu za pesa zilizo wazi kama daftari la duka. Nyumba waliyoipata kwa jasho la wawili iliandikwa jina la mume, naye akaiweka rehani ili ampatie nyumba mke mpya. Binetou naye si adui. Ni mtoto aliyetolewa shuleni na mama mwenye njaa ya mali. Mgogoro wa furaha na wajibu humu unampitia kila mtu: hata Modou alikuwa akiitafuta furaha yake, na hilo Ramatoulaye analijua, ndilo linalomuuma.

Mume: hatumwoni akijitetea, kashakufa. Hili ni pungufu kama unataka haki ya pande mbili. Lakini mke anamkumbuka alivyokuwa kijana, alivyocheka, na mapenzi hayajafutika kwenye wino.

Kuna sehemu moja iliyotuweka kimya. Arubaini ikiisha, na eda bado, shemeji anakuja kutaka kumrithi, anafukuzwa kwa maneno ambayo Bi Mkubwa wetu aliomba yasomwe mara ya pili. Kisha anaposa mwanamume mwema, wa cheo, aliyempenda tangu zamani. Ana mke. Ramatoulaye anakataa: hampendi kwa moyo, na lililomchoma yeye hatakwenda kumchomea mwanamke mwingine. Hapo furaha, wajibu na utu vimekaa kwenye kiti kimoja, na sikuona mahali pengine palipofanywa hivyo kwa maneno machache kiasi hicho.

Kuisoma: fupi, kurasa tisini na kitu. Ukipanda basi pale Mokowe na kitabu mkononi, Malindi utashuka ukiwa umekimaliza au umebakiwa na kidogo. Ugumu wake si wa lugha. Kikao kinaweza kuacha kuzungumza kitabu kikaanza kuzungumza nyumba za watu, na katika mji ambao kila mtu ni binamu ya mwenzake, hilo lisimamiwe.

Kinamfaa aliyeolewa, aliyeachwa, mwenye mke mwenza, binti anayekaribia kuolewa, na kwa kweli mume pia. Asiyependa hadithi isiyo na matukio mengi huenda akaiona inakwenda polepole.

Uchague kwa hali yako

Kama kikundi chenu ni kipya na hamjazoeana, anzeni na Nora. Yuko mbali nanyi, ana theluji na mti wa Krismasi, mtabishana bila ya mtu kudhani anasemwa yeye.

Kama mmeshaaminiana na siri za kikao hazitoki nje ya daka, mchukueni Ramatoulaye. Msimchukue wiki ambayo mwenzenu yumo kwenye eda au mumewe ndiyo kwanza kaoa.

Kama unasoma peke yako na una miezi mbele yako, kwa mfano kusi imeanza na shughuli zimelala, ni wakati wa Anna. Ukiona jina la Levin usiruke.

Kama wewe ni mwanamume na umeletewa orodha hii na mkeo, soma Barua kwanza, kisha Karenin pale kitandani kwa mgonjwa. Ukianza na Torvald utajitetea tu.

Kama unaandika hadithi yako mwenyewe ya ndoa na umekwama, soma yaya wa Nora, Dolly ndani ya gari la farasi, na ile ziara ya imamu. Ni vipande vitatu vifupi, na kila kimoja kimebeba mtu ambaye mwandishi mvivu angempita.

Na kama uamuzi wako ni wa kweli, wa nyumba yako, basi vitabu hivi vikukalie kando kama shoga wa kusikiliza. Mwenye elimu ya jambo lenyewe ni kadhi, wakili, na mtu mzima mmoja unayemwamini.

Sisi tumekata shauri la ajabu kidogo: Alhamisi hii tunasoma sura za safari ya Dolly tu, halafu tupige kura upya. Mwenye redio ameomba nakala. Kaimati ni zamu yangu.